Udi wa Kupokelea Chombo

Mjukuu wangu ndiye aliyenitia aibuni. Kiswahili anakielewa chote, lakini akifungua kinywa kinatoka vipandevipande kama mkate wa jana. Siku tuliyopanda lifti na yule bibi wa Kimarekani wa ghorofa ya chini, nikamnong'oneza, "Huyu alikuwa akifanya kazi gani?" Akajikuna kichwa. "Ammm... Bibi, alikuwa kazi ya vyombo. Huko Florida."

Vyombo! Roho iliniuma. Mtu mzima vile, mvi kichwa kizima, kumbe maisha yake yote kaosha masahani ya watu. Kesho yake nikampelekea bakuli la pilau, nikamshika mikono nikaipapasa: pole, shoga, pole na masufuria. Naye, "Oo, thenkyu, hani!" Anacheka, anakula. Alikuwa na sauti ya bata mzee, nami nikamwibia siku ileile. Binti yangu akirudi kazini namwitikia, "Oo, hani!" na yeye anaanza kumtafuta mgeni nyuma ya mlango.

Nilimhurumia hivyo mpaka mjukuu akajishika tumbo kwa kucheka. "Bibi, noo! Chombo cha kwenda juu! Angani!" Kile cheupe chenye mabawa, kinapanda kama fataki, kinarudi kama ndege, halafu kinapanda tena. Jirani yangu alikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wakikishonea mablanketi.

"Mablanketi? Kinasikia baridi?"

"Moto, Bibi. Kikirudi kinakuwa moto sana. Wanakivalisha. Uzi wake ni wa kioo."

Basi nikafurahi. Kumbe shoga yangu fundi cherehani! Nikamchukulia dera langu jipya, maana Mungu alinikata mfupi na dera lilikuwa likinifagilia sakafu. Nikamwonyesha kwa mkono: nikunjie hapa. Akarudi nyuma utadhani nimemshikia nyoka. "Nooo, hani. No moo." Cherehani yake nikaiona pembeni, imefunikwa shuka kama maiti.

Mjukuu akanieleza. Chombo kimoja kilivunjika hewani kikirudi nyumbani, na watu wake saba ndani. Si uzi uliokosea, walishasema, na yeye anajua. Lakini toka siku ile hajagusa sindano.

Kiangazi kikafika, chombo kingine kikapanda, cha kwanza tangu msiba ule. Nikamwambia, kitakaporudi utakuja kwangu tukitazame pamoja. Akakubali nusu. Halafu televisheni ikasema blanketi moja limefumuka, palepale chini ya dirisha la rubani. Wakubwa wakasema halina neno, kitarudi nalo. Shoga yangu akajifungia. Nagonga, kimya. Nagonga, kimya. Mwisho nikamwitia mlangoni kwa sauti yake mwenyewe, "Oo, hani!" Hapo akafungua, anacheka na machozi yanamtoka.

"Kama ni langu, je?" akauliza. "Kama ni mkono wangu?"

Mjukuu akafasiri, na safari hii hakukosea neno.

"Kama ni lako," nikamwambia, "basi njoo ulipokee."

Siku ya kwanza mawingu yakakataa, kutua kukaahirishwa, vitumbua vyangu tukavila bure. Asubuhi ya pili nikasema, ala, tumekosea sisi! Kwetu msafiri wa maana anapokewa na udi. Shoga yuko kwenye kochi, kajikunyata, televisheni inaonyesha watu wameketi wanangoja tu. Nikawasha kaa, nikatia udi chetezoni, na si kidogo, maana msafiri mwenyewe anatoka mbali. Moshi ukapanda vizuri, ukaenda mpaka kwenye kile kidude cheupe cha darini.

Piiip! Piiip! Piiip! Jengo zima likaanza kupiga kelele.

"Bibi! Omaigadi! Umefanya nini?"

Tukateremka ngazi, watu na watoto na mbwa, mwingine na povu la sabuni masikioni, tukamwagika kwenye maegesho. Na chombo kimebakiza dakika chache. Nikajua shoga yangu atashukuru, kapata sababu ya kutotazama. Wapi! Ndiye anayekimbia huku na huku na masapatu yake: "Redio! Redio!"

Jirani yetu Mkongo, dereva wa teksi, ndiyo kwanza alikuwa anaegesha. Akafungua milango yote minne, akapandisha redio. Shoga akaingia nyuma, kafumba macho, kanibana vidole mpaka vikafa ganzi. Mkongo akatushikia zamu ya kutafsiri, mkono hewani kama mtangazaji wa mpira:

"Mama, banasema iko nashuka! Hapana Florida, banaipeleka Kalifornia... Ngoja, mama. Ngoja kwanza. Tulia... Njo ile! Magurudumu imegusa! Imegusa chini, mama! Batu yote iko muzima! Vwala!"

Nikapiga kigelegele mpaka mbwa wakaitikia. Zimamoto ndio walikuwa wanaingia, wakanikimbilia wakidhani nimeungua. Shoga yangu akatoka garini, akasimama katikati yao, akavuta pumzi, naye akajaribu: "Lu-lu-lu-kwaaa!" Bata kapiga kigelegele, jamani! Zimamoto mmoja aliketi kwenye ukingo wa njia, kofia magotini, anacheka. Mjukuu kajifunika uso. Binti yangu jioni alinisomea risala ndefu juu ya udi, na naweza kuwatolea yote kwa sauti yake, ila haina utamu.

Lakini kabla ya risala hiyo, alasiri, mlango ukagongwa. Shoga, kashika pini kwa meno. "Hani," akasema kwa pembe ya mdomo. "Dela."

Akanisimamisha juu ya kiti, akanizunguka akinichoma pini, kila nikicheka ananipiga kofi la mguu. Kisha nikasikia huko chini cherehani inanguruma.

Dera lile ninalo. Limepauka, kwapa zote viraka, shingo imelegea. Pindo halijaachia hata uzi. Mjukuu akiniambia, "Bibi, litupe hilo," namjibu kwa sauti ya bata: "Nooo, hani."