Kuupima Uso kwa Kibuyu cha Uji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Embu, Mkuu wa Tiba ya Viungo alinikalisha mbele ya kioo. "Inua nyusi. Funga macho kwa nguvu. Onyesha meno. Sasa jaza mashavu hewa." Nilifanya yote nikiona haya. "Hiyo ni kazi ya neva ya uso," akasema. "Kila upande una yake. Ikivimba au ikiumia, upande huo unalala."

Ulegevu huo tuliupima kwa madaraja sita: la kwanza ni uso usio na kasoro, la sita ni uso usiosogea kabisa. Nilidhani kazi imeishia hapo. Mkuu akacheka. "Hiyo ni neva, binti yangu. Mgonjwa bado hujampima." Akanifundisha maswali. Chakula kinabaki shavuni? Ukinywa, kinywaji kinamwagika? Jicho linakauka? Watu wanakuelewa ukiongea? Umeacha kwenda mahali ulipozoea kwenda? Majibu, ambayo tuliyapa alama, ndiyo yaliyotuonyesha ukubwa wa ulemavu, na mara nyingi hayakulingana na daraja la uso.

Baadaye nilihamishiwa kliniki ya Maua. Huko nilimhudumia Mama Kinya, muuza mitumba, ambaye asubuhi moja aliamka upande wa kushoto wa uso umelala. Alianzia daraja la nne. Mazoezi yakamfikisha la pili, na Daktari Msimamizi wa kliniki akaridhika.

"Huyu amepona. Aachiliwe."

"Bado sijamuuliza maswali, daktari."

"Muulize basi, lakini foleni unaiona."

Mama Kinya alikuwa amekuja na wifi yake. Nilipofika swali la kunywa, alifunika mdomo kwa mkono. Wifi akajibu: "Huyu hanywi kitu mbele ya watu. Na wakwe wanakuja kuongea mahari ya binti yake, Kinya! Anataka kujificha kwa jirani."

"Na wewe unajua kwa nini," Mama Kinya akamkata.

Katika ukoo wao, wageni wa mahari hupewa ucuru, yaani uji uliochachuka, na mama wa msichana huonja kwanza kutoka kwenye kibuyu. Asipoonja, wageni huona hawajakaribishwa kwa moyo.

"Uji unitiririke kidevuni wakwe wakiniangalia? Afadhali wewe wifi uonje."

"Mimi? Nikionja mimi, wageni watapata kibuyu kitupu."

Nilirudi kwa daktari na majibu. Uso ulikuwa daraja la pili, lakini alama za kunywa na za kukaa na watu zilikuwa chini sana. Aliyasoma. "Haya, endelea naye."

Nilimwambia Mama Kinya alete kibuyu chenyewe. Ukingo wake ni mnene kuliko wa kikombe, na midomo hulazimika kuufuata. Tulifanya mazoezi polepole mbele ya kioo, bila kukaza uso, kwa sababu ukiukaza, jicho nalo hujifumba kila mdomo unaposogea. Aliegemeza kibuyu upande wenye nguvu, kidole kikishikilia kona ya mdomo iliyolegea. Tulianza na maji, kisha uji. Wifi akajifanya mkwe: akakaa mbele yake, amenuna, mikono kifuani.

"Mama, sisi tumetoka mbali. Tupe uji, ama turudi na mbuzi wetu?"

Mama Kinya akaangua kicheko na uji ukaturukia sote. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka bila kufunika mdomo.

Aliporudi kliniki baada ya mazungumzo ya mahari, nilimuuliza kama alionja.

"Nilionja. Tone likashuka. Nikapangusa na leso, nikampa babake kijana kibuyu. Akanywa, akasema sasa tuongee mbuzi."

Nilimpima tena. Uso ulikuwa daraja lile lile la pili; zile alama nyingine zilikuwa zimepanda. Daktari akamwachilia.

Sasa nimestaafu, naishi karibu na Kinoru. Vijana wa kazi yetu hupima uso kwa kamera ya simu, na wanapima vizuri. Nawaonea wivu kidogo. Huniambia hawana muda wa maswali yote yale. Nawaambia waanze na moja: tangu uso ulale, umeacha kufanya nini? Kisha wangoje, hata mgonjwa akinyamaza. Akijibu, amewaambia mazoezi yaanzie wapi.