Jicho la Kulinganishia

Katika soko la kondoo la Elburgon hakuna aliyemshinda Thuo kwa mkono. Macho, alikuwa akisema, hudanganywa na manyoya. Kondoo anaonekana mnene na ndani ni mifupa mitupu. Kwa hiyo alipapasa. Alikuja na kondoo wake mmoja anayemjua vizuri, akamwekea vidole mgongoni, kisha akaenda kwa yule anayeuzwa na kumwekea vidole pale pale. Tofauti ndiyo iliyomwambia bei. Sisi wengine tulimwiga, mimi nikiwa mmoja, maana nilinunua ngozi na ilinifaa kujua nani atachinja nini.

Ujuzi huo aliupata kwa baba yake, yeye pamoja na dada yake Wanjugu, familia yao ilipokuwa ikifanya kibarua kwenye shamba la Mzungu upande wa Njoro kabla ya Uhuru. Baba aliuweka mkono wa mtoto juu ya kondoo wawili kwa zamu na kuuliza yupi mnene. Aliyekosea alichunga peke yake siku hiyo. Wanjugu hakuchunga sana.

Kufikia mwaka wa 1968 Thuo alikuwa na shamba lake Bahati, pikapu yake, na wenye bucha wa Nakuru wakimngoja. Ndipo akaanza kugonga vitu. Aligonga nguzo ya geti, upande wa kushoto, halafu akaigonga tena. Akaenda mjini kutafuta miwani.

Daktari wa macho, Mhindi aitwaye Pradeep, alimlaza chali, akamtia dawa ya ganzi, kisha akamsimamishia juu ya jicho kichuma kidogo chenye mshale. Akausoma mshale. Akarudia.

“Mzee, jicho yako iko na presha,” akasema. “Maji inaingia, haitoki vizuri. Jicho inakuwa ngumu, inafinya mshipa ya nyuma. Inakula pande kwanza, halafu katikati. Ile imekwisha kuliwa hairudi.”

“Mbona haiumi?”

“Haiumi. Hiyo ndiyo ubaya yake.”

Alimpa dawa ya matone ya kutumia kila siku maisha yake yote, na kumwambia arudi kila baada ya miezi mitatu apimwe. Thuo akaanza kupunguza kama aliyesimama sokoni. Miezi mitatu ni karibu sana. Mwaka je? Je, hawezi kupimwa nyumbani? Daktari alibishana naye mpaka akachoka, akamwonyesha njia ya mkono: mgonjwa afunge macho na kutazama chini, mwingine amwekee vidole viwili juu ya kope na kubonyeza polepole, kidole hiki kisha kile. Halafu abonyeze jicho la mtu asiye na ugonjwa, alinganishe.

“Lakini kidole inajua shida kubwa tu,” daktari akasema. “Ndogo haijui. Usiache kuja. Na ndugu zako wa damu, walete wote. Hii ugonjwa inatembea kwa familia.”

Katika maneno hayo yote, Thuo alichukua yale aliyoyataka na kuyaacha mengine mezani.

Hakumwambia mtu. Hilo mimi simlaumu. Mnunuzi wa kondoo akijulikana haoni, soko zima linampandishia bei siku hiyo hiyo. Mkewe Wachuka, mama yake Wangare, alikuwa na kaka wawili wanaonunua kondoo Elburgon, na kila jioni ya Jumapili walikunywa chai jikoni kwake. Thuo aliona kwamba kumwambia mke ni kuwaambia shemeji. Akamwambia Wanjugu, aliyeolewa ng’ambo ya kijito, kwamba daktari anataka jicho lake lishikwe kila asubuhi na kulinganishwa na jicho zima. Habari ya ndugu kupimwa hakuitaja. Wanjugu akienda kupimwa mumewe atauliza kwa nini, na mumewe hakuwa mtu wa kufunga mdomo.

Basi Wanjugu akawa anapita alfajiri akipeleka maziwa. Walikaa nyuma ya ghala. Alibonyeza lake, akabonyeza la kaka yake, akarudi kwa lake.

“Ni mamoja?”

“Ni mamoja.”

Matone yale yalimsumbua. Yalimkaza kichwa juu ya nyusi na kumfanyia dunia giza mpaka jua lichomoze vizuri, na kondoo wazuri huuzwa kabla ya jua. Ikiwa jicho liko sawa na la Wanjugu, kwa nini ajitese? Akayaacha siku za soko. Baadaye akayaacha siku zinazotangulia soko. Kwa daktari alienda mara chache, kisha akakoma. Aende kuambiwa nini asichokijua?

Hesabu yake ilikuwa safi. Mimi mwenyewe ningeifanya.

Mambo yakaendelea hivyo hadi mwaka wa 1971. Asubuhi moja Wachuka akawafuata nyuma ya ghala. Alikuwa ameokota chupa ya dawa chini ya kiti cha pikapu.

“Baba Wangare, kila siku dada yako anakuja kukutomasa uso. Nikiulizwa na watu niseme nini?”

“Sema kichwa kinaniuma.”

“Hii ni dawa ya macho. Nimesomewa. Hebu nionyesheni mnavyofanya.”

Wanjugu akamwonyesha, labda kwa mzaha. Wachuka akafunga macho, akajibonyeza, akambonyeza mumewe. Akarudia bila haraka.

“Lako ni gumu,” akasema. “Langu haliko hivi.”

“Lako limelainishwa na kulia,” Thuo akamjibu.

Wanjugu akacheka. “Mwache, mama Wangare. Hii ni kazi ya waliolelewa zizini. Wewe kwenu mlifuga kuku.”

“Na wewe jicho lako ukilishika unalionaje?”

“Kama lake. Si ndiyo nasema ni zima?”

Wachuka akaweka chupa juu ya gunia. “Endeleeni basi, watoto wa mama mmoja. Mimi ni mtu wa nje.” Akarudi jikoni, na tangu siku hiyo hakugusa tena mambo ya macho.

Mwaka uliofuata, sokoni Molo, mimi nikiwa naye, Thuo alikuwa akienda kwa muuzaji mmoja aitwaye Kiptanui. Kamba ya kufungia kondoo ilikuwa imekatiza mbele yake, peupe, mtoto angeiona. Akaanguka juu ya kondoo wenyewe.

“Mzee Thuo, siku hizi unawapima kwa kifua?” Kiptanui akauliza.

Watu wakacheka. Thuo naye akacheka, akajipangusa, akabishana hadi akampata kondoo kwa bei aliyoitaka. Lakini tulipofika kwenye pikapu alinipa ufunguo. “Endesha wewe,” akasema. Njiani akanieleza yote, kwa kifupi, kama mtu anayetaja dosari za mnyama baada ya kuuza.

Kesho yake niliwapeleka mjini, yeye na Wanjugu. Wanjugu ndiye aliyeshikilia kuja. “Mimi ndiye ninayepima,” alisema. “Nitamweleza daktari mwenyewe kwamba halijabadilika.” Nilikaa kwenye benchi, mlango ukiwa wazi.

Daktari Pradeep alipima, akatazama ndani kwa taa yake, akazima taa. La kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki likiona kwa tundu dogo la katikati.

“Mama, ulikuwa unalinganisha na jicho ya nani?”

“Langu.”

“Wewe ni bibi yake?”

“Dada yake. Tumbo moja.”

Daktari alikifuta kichuma chake. “Lala hapa,” akasema.

Mshale ulikuwa pale pale ulipokuwa kwa Thuo. Vidole vya Wanjugu havikukosea hata siku moja. Macho yale yalikuwa mamoja kweli. Nimefanya biashara miaka mingi na nimeona mizani nyingi. Watu hukagua mzigo. Jiwe la kupimia hawalikagui.

“Mimi naona vizuri,” Wanjugu akasema.

Daktari akamwambia afunike jicho la kulia kwa kiganja na kutazama mbele. Akainua kidole kando ya sikio lake la kushoto na kukileta taratibu. “Sema ukiiona.” Kidole kikapita shavuni. Kilikuwa karibu na pua aliposema, “Hicho.”

Daktari akamgeukia Thuo. “Si nilikuambia lete ndugu?”

Wanjugu akaketi. “Alikuambia lini?”

“Zamani.”

“Lini, Thuo?”

“Siku ile ya kwanza.”

Hakulia, hakumtukana. Alimwomba daktari amwonyeshe jinsi ya kutia matone, akamtaka arudie, akaifunga chupa kwenye ncha ya leso. Nilipowasha gari hakupanda. Alirudi Bahati kwa njia yake.

Thuo alidhani hasira hizo zitaisha. Alituma watu, akatuma sukari, akamtuma mchungaji wa kanisa. Mchungaji alipewa chai na kuambiwa asante. Wanjugu hakuvuka kijito tena. Pikapu ilichukuliwa na kaka zake Wachuka, na Elburgon wananunua wao, kwa macho, na wanapata hasara.

Kila baada ya miezi mitatu Wanjugu huenda mjini na watoto wake wote, hata walio na familia zao, na tangu mwaka jana humchukua na Wangare, binti wa Thuo. Hilo yeye na Wachuka walipatana wenyewe. Asubuhi hiyo Thuo huwa kibarazani, uso ameuelekeza barabarani, na wao hupita wakizungumza. Nilikuwapo safari iliyopita.

“Ni nani hao?” akauliza.

“Ni watu wanaokwenda kupimwa, Baba Wangare,” Wachuka akamjibu. “Kunywa chai.”