Albamu ya Viporo

Chigusa Morinaka hakuwa mtu wa viporo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akikaanga korokke, katlesi za viazi za Kijapani, kwenye duka la Bi Sadako, katika mtaa wa maduka wa Tenma, Osaka, na sheria ya Bi Sadako ilikuwa moja: kilichobaki jioni kinaingia kwenye pipa. Kuna mpishi mmoja alijifanya mjanja, akazirudisha korokke za jana kwenye mafuta ya moto mpaka zikang'aa kuliko za leo. Bi Sadako alionja moja, akaitema kiganjani, akamwonyesha mlango. Chigusa alikuwa amesimama pembeni na kisu cha kumenyea, na uso ule wa Bi Sadako haukumtoka tena.

Hayo ni ya kazini. Maisha yake hasa yalikuwa kwingine. Akishavua aproni alivaa gauni jeusi la lesi, akajipaka wanja mzito, akaenda kuisikiliza bendi ya Velzaria: wanaume watano wa visual kei, roki ya Kijapani ya kujipamba, poda nyeupe usoni, kope za bandia, nywele zimesimamishwa kwa dawa. Alikuwa nao tangu ukumbi una watu kumi na mmoja, muuza vinywaji akiwemo. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa, na ndiye mkuu wa safu ya mbele. Cheo hicho hakupewa na mtu, lakini nani angembishia? Ukitaka kusimama mbele ya mpiga gitaa, unamwomba Dada Chigusa. Ukipunga mkono kinyume na wenzako unaitwa pembeni, na huko pembeni watu walitoka wakilia.

Halafu kulikuwa na karatasi za maoni. Kila onyesho watu hugawiwa karatasi na kipenseli kifupi: umetoka wapi, umeijuaje bendi, leo umependa wimbo gani. Wageni huandika walivyojisikia. Safu ya Chigusa iliandika singo mpya, ule wimbo wa karibuni uliouzwa kwa diski yake peke yake, basi, na yeye ndiye aliyewafundisha. Ukimsifia mwanamuziki wimbo wa zamani, aliwaambia, umemtamkia usoni kwamba amekwisha. Ni adabu tu. Kwa hiyo miaka tisa wasichana waliandika singo mpya, iwe nzuri, iwe takataka, na Chigusa alipita kukagua kabla karatasi hazijatumbukizwa kwenye boksi.

Wimbo alioupenda yeye mwenyewe haukuwa singo. Uliitwa "Dirisha la Wodi ya Tatu", na haukuwahi kuwekwa kwenye diski yoyote. Ulikuwa wa siku zile za watu kumi na mmoja. Shoga yake Yaeko, aliyekuwa akisimama naye bega kwa bega, ndiye aliyeutungia mwendo wa mikono: unabandika viganja kwenye kioo ambacho hakipo, unaviteremsha taratibu, kisha unavificha nyuma. Baadaye ukumbi mzima uliiga bila kujua umetoka kwa nani. Kisha mama mkwe wa Yaeko akapooza, Yaeko akahamia kwa kina mumewe, Akita, kaskazini kwenye theluji, na huu ulikuwa mwaka wa sita hajakanyaga ukumbini. Hakulalamika. Kila walipopigiana simu aliomba kitu kimoja tu: siku wakiurekodi ule wimbo, nitumie.

Vuli iliyopita mwimbaji wao, Kureha, alitangaza jukwaani kwa sauti yake ya kubembeleza kwamba albamu ya pili iko njiani na Dirisha litakuwemo. Chigusa alimpigia Yaeko jasho la ukumbi halijamkauka. Yaeko alipenga kamasi, akasema ataisikiliza akimkanda mama miguu. Chigusa akaapa kwamba albamu ikitoka tu, kesho yake itakuwa posta.

Ikatoka. Iliitwa "Enzi Mpya". Rasmi ilikuwa iuzwe Jumatano, lakini maduka huipanga Jumanne mchana, na shabiki anayejiheshimu hangoji Jumatano. Chigusa aliomba ruhusa ya nusu saa, akarudi na matoleo yote matatu, kila moja na jalada lake. Aligeuza la kwanza akasoma orodha. Akaisoma tena. Akageuza la pili, akageuza la tatu, kana kwamba wangekuwa wameuficha huko.

Nyimbo kumi na moja. Nane zilikuwa singo alizokwisha kununua, kila moja kwa majalada matatu. Ya kwanza haikuwa hata wimbo, ilikuwa kengele za kanisa na mvua. Ya mwisho ilikuwa kengele zilezile na mvua ileile, zimechezwa kinyumenyume. Loo! Katikati kulikuwa na wimbo mmoja mpya, "Asante kwa Mabawa", ambamo Kureha alilishukuru anga, akayashukuru machozi, akashukuru kila kitu chini ya jua. Dirisha halikuwemo.

Aliiweka kwenye redio ya jikoni hivyo hivyo, labda masikio yatamwambia kingine. Bi Sadako, ambaye muziki haukuwa shughuli yake, aliendelea kuponda viazi. Wimbo wa tatu ulipoanza aliinua kichwa.

"Huu si ule wa mwaka juzi?"

Chigusa akaitikia kwamba ndio.

"Na huu ni wa wakati ule ulipovunjika jino." Aliponda kidogo, akasikiliza tena, akakunja pua. "Mwanangu, hawa watu wamepasha moto."

Chigusa alisonya msonyo mrefu mpaka mteja wa dirishani akageuka. Kinyaa kilimpanda. Miaka mitatu ya kungoja albamu ya pili, halafu mtu anakuletea sahani uliyokwisha kuila, kaipambia kengele juu, anaiita enzi mpya! Na yeye amwambie nini Yaeko? Simu ya Yaeko iliita jioni ile mara mbili, na mara zote mbili hakuipokea. Hakuwahi kumfanyia hivyo tangu wajuane.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa mashabiki kwenye duka la diski la Shinsaibashi. Aliyenunua matoleo yote matatu anapewa sekunde kumi mbele ya mwanamuziki anayemtaka. Tokuda, meneja wao, husimama nyuma yako na saa, na zikiisha anakugusa bega. Chigusa alipanga foleni wa kwanza kama kawaida, nyuma yake Honami, fundi wa kucha, na wasichana wengine wa safu. Wote walijua amekasirika. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kureha alikuwa ameketi na glovu nyeupe za lesi. Akamwinamia, akamshukuru kwa kuja.

"Dirisha liko wapi?" Chigusa akauliza.

"Dirisha?"

"La Wodi ya Tatu. Ulisema litakuwemo. Umetupashia viporo vinane, na mimi nina mtu Akita anangoja."

Tabasamu la Kureha halikuondoka, ila poda ilimkatika pembeni mwa mdomo. Alimtazama Tokuda, akamrudia Chigusa, na safari hii hakubembeleza.

"Lakini Dada, ni nyinyi mliochagua."

Bega likaguswa. Sekunde kumi zilikwisha.

Tokuda alimpeleka kwenye ngazi, karibu na maboksi matupu. Hakuwa mtu mbaya Tokuda; zamani alibeba spika mgongoni, na Chigusa alikuwa akimletea korokke kwenye mfuko wa karatasi. Alimweleza taratibu. Kampuni ya diski haikutaka kulipia nyimbo mpya nyingi, hilo hakulificha. Iliwapa nafasi mbili tu, mojawapo ya Dirisha, kwa sharti moja: waonyeshe kwamba kuna wanaoutaka. Basi wakafungua maboksi ya karatasi za maoni, miaka tisa yote.

"Halikuwa na kura, Dada. Hata moja. Wageni hawalijui jina lake, na safu ya mbele..." Tokuda akajikuna shingo. "Kureha alizipekua mwenyewe siku mbili, sakafuni. Alipomaliza akaniambia, kumbe nilikuwa naupenda peke yangu. Basi nafasi yake wakaiwekea mvua."

Chigusa alibaki ameshika mbao ya ngazi. Msinielewe vibaya: albamu ile ilikuwa uozo, na mtu anayeuza kengele kinyumenyume hana wa kumsingizia. Lakini kinyaa alichokuwa amembebea Kureha tangu Jumanne kilimgeukia mwenyewe, na kilikuwa na ladha mbaya zaidi. Ilikuwa miaka tisa. Ni yeye aliyekuwa akipita na kukagua karatasi moja moja. Msichana mmoja aliwahi kuandika wimbo wa zamani, akamfutisha.

Jioni ile alimpigia Yaeko. Alimwambia yote, hakujitetea hata kidogo. Kule upande wa pili kulisikika birika, na kikohozi cha bibi kizee.

"Hata mimi niliandika singo mpya," Yaeko akasema mwishowe. "Kila onyesho."

"Najua."

"Siku moja niliandika Dirisha. Nikakuona unakuja, nikalifuta haraka."

"Yaeko, wewe? Na mimi shoga yako?"

"Ungeniita pembeni," Yaeko akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini Chigusa. Kisha Yaeko akasema mama anaita, akakata simu.

Mwezi wa nne Velzaria ilipita Osaka na ziara ya "Enzi Mpya". Chigusa alikwenda. Alifikiria kutokwenda, akasusa moyoni siku nne, lakini miguu ilikuwa na mazoea yake. Bendi ilipiga albamu yote kwa mpangilio, mpaka kengele. Safu yake ilipunga mikono bila kosa hata moja, naye alipunga pamoja nao akiwa na mate machungu mdomoni. Dirisha halikupigwa.

Taa zilipowashwa, karatasi zikagawiwa. Wasichana wakakusanyika kwake na vipenseli vyao, kama siku zote.

"Dada, leo tunaandika nini?" akauliza Honami. "Maana singo mpya hakuna."

"Andika ulichokipenda."

Wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo, akijaribu kuona kama ni mtego. Honami akauliza tena, kwa adabu, ni kipi hasa Dada angependa wakipende.

"Honami, andika. Leo sikagui."

Aligeukia ukuta ili wasimtazame. Waliandika muda mrefu kuliko walivyozoea. Kisha Honami akamletea karatasi yake mwenyewe, uso umemwiva kwa furaha, akamshikia aione. Alikuwa ameandika "Asante kwa Mabawa". Pembeni amechora moyo, na amesema aliulilia mara mbili, nyumbani na hapa. Wengine nao wakaonyesha za kwao. Asante kwa Mabawa. Asante kwa Mabawa. Saba kati ya tisa, na hakuna aliyewalazimisha, na macho yao yalikuwa mekundu kweli. Wameulilia ule uchafu! Chigusa akawaambia vizuri, nendeni mkatumbukize.

Yeye alichukua karatasi mbili. Kwenye ya kwanza aliandika Osaka, jina lake, na "Dirisha la Wodi ya Tatu" kwa herufi kubwa ambazo hata Tokuda asingeweza kuziruka. Ya pili ilimchukua muda. Umetoka wapi: Akita. Jina: Yaeko. Umeijuaje bendi: tangu mko na watu kumi na mmoja. Kwenye swali la wimbo hakukuwa na la kufikiri: Dirisha. Chini palikuwa na nafasi ya maoni, akaandika kwamba mwenye karatasi hii aliuandika wimbo huu zamani akafutishwa, na aliyemfutisha ni mimi, Chigusa.

Akazitumbukiza zote mbili. Kisha akampisha Honami, aliyekuwa akingoja nyuma yake na kipenseli mkononi, akiuliza kama moyo aliouchora unatosha au aongeze mwingine.