Mjumbe wa Pande Mbili za Pazia

Kaka yangu ni fundi viatu, mke wake ni fundi cherehani, na chumba chao cha kazi ni kimoja. Zamani ilikuwa raha tupu: huyu anagonga nyundo, yule anakanyaga cherehani, wanataniana mpaka mteja anasahau kilichomleta. Halafu wakagombana juu ya meza. Ndiyo, meza! Nani kadondosha gundi kwenye kitambaa cha bibi harusi, nani kaacha pini kwenye kiatu cha mtu. Wakanuniana, wakatundika pazia katikati ya chumba, meza nayo wakaigawana nusu kwa nusu. Watu wazima hao, mmoja ana ndevu!

Mimi nilikuwa nawasaidia kutia vifungo. Nilikaa mlangoni, pale pazia lilipoishia, kwa hiyo wao waliokuwa kwenye kelele za vyombo vyao hawakusikiana, lakini mimi niliwasikia wote.

Binti yao tunamwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hajawahi kufunga mdomo. Akitoka shule anakuja pale, na kazi yake ikawa kupeleka maneno. Wifi anamwambia, "Kamwambie baba yako hiyo nyundo inanipasua kichwa, na kama anataka kuniua aseme." Chiriku anapenya pazia. "Baba, mama anasema pole na kazi, ila kichwa kinamuuma kidogo." Kaka anaguna, "Mwambie anyamazishe kwanza cherehani yake, na mdomo wake." Mtoto anarudi anatabasamu. "Mama, baba anasema utapona tu."

Mwanzoni nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Wifi naye akaanza kuninong'oneza, "Kaka yako siku hizi kapoa, ila kiburi tu kinamzuia kusema na mimi." Na upande wa pili kaka anadhani mke wake kapoa. Lakini nani amwanze mwenzake? Hakuna.

Baadaye kicheko kiliniisha. Chiriku alianza kutengeneza maneno kila mahali. Marafiki zake wakigombana, anakimbia huku na kule na pole za kubuni. Ukimuuliza kama ameshiba, anasema ndiyo huku macho yake yapo kwenye sufuria. Ukimuuliza anataka nini, anakutazama usoni kwanza aone wewe unataka nini. Mwalimu wake aliniambia, "Mtoto huyu hana ukaidi hata chembe," akidhani anamsifia. Moyo uliniuma. Mtoto asiye na ukaidi hata chembe ni mtoto gani jamani?

Siku moja mchana, jua kali, akaingia na soksi nene, anachechemea.

"Umefanya nini mguuni?"

"Sina kitu, shangazi."

Nikamkalisha nikamvua soksi. Masalale! Malengelenge yamepasuka, kidonda kimeanza kutunga usaha. Nilipombana, akakiri ni pasi. Wifi aliiweka sakafuni kando ya pazia kwa sababu nusu ya meza haikumtosha, na mtoto akaigusa akiwahi kupeleka ujumbe.

"Mbona hukusema?"

Akanong'ona, "Ningesema, mama angesema baba amejaza viatu mezani. Baba angesema mama hana akili. Halafu mmoja angeondoka."

Hasira zilinipanda. Nikalivuta lile pazia likashuka na misumari yake. "Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi!" nikawafokea. "Na nyinyi hata fahali si fahali, ni majogoo wanaogombea jalala! Tazameni pasi ilivyouunguza mguu wa mtoto!"

Wifi akashika mdomo. Kisha, badala ya kuinama amtazame mwanawe, akasema, "Mimi pasi ningeiweka wapi, na viatu vya huyu vimejaa kila mahali?"

"Kwani aliyeiacha chini ni mimi?" kaka akapaza sauti. "Akili zako ziko wapi?"

Chiriku akachomoka mikononi mwangu, akasimama kati yao kwa mguu mmoja. "Mama, baba anasema pole. Baba, mama anasema si kosa lako."

Kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake kwa masikio yake mwenyewe, na sasa wamemsikia mtoto akiyageuza maneno yao.

"Na zile pole nyingine?" wifi akauliza polepole. "Zote?"

Mtoto akainamisha kichwa.

Kaka akakaa sakafuni. "Mke wangu," akasema, "hiyo pole sikuisema. Naisema sasa."

Wifi alikuwa analia. "Tumpeleke mtoto zahanati," akamjibu, akimtazama yeye usoni, bila kumtuma mtu.

Kaka alimbeba mgongoni njia nzima. Nesi alipoanza kusafisha kidonda, akauliza, "Inauma, mrembo?"

Chiriku akamtazama mama yake, akamtazama baba yake, akiwasoma nyuso kama kawaida yake.

"Sema tu, mwanangu," wifi akamwambia. "Hakuna atakayeondoka." Kaka akaitikia kwa kichwa.

Mtoto akavuta pumzi. "Inauma! Inauma sana! Na nyinyi wawili mmenichosha!" Alipiga kelele mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakachungulia.

Nesi akataka kumnyamazisha.

"Mwache," tukasema wote watatu.