Sumaku ya Masasi

Rahima na mumewe Ashiru walifundisha fizikia pamoja Newala. Wakieleza umeme unaopita bila kizuizi kwenye metali iliyopozwa mno, kila mmoja alizungusha bibo, tunda la mkorosho, kwenye uzi, mke kulia, mume kushoto. Elektroni husafiri kwa jozi namna hiyo, kila moja ikizunguka kinyume na mwenzake. Sumaku kali huzilazimisha kuzunguka upande mmoja, jozi ikavunjika.

Ashiru akahamishiwa Masasi. Juzi Rahima alisikia sokoni kwamba ameoa mke mwingine huko. Akampigia simu.

“Mama Hamida, sumaku ya huku kali,” Ashiru akajibu, akicheka.

“Usinichekee! Zipo metali ambamo mzunguko wa elektroni umefungamana na mwendo wake. Humo sumaku huvuta ikachoka, jozi ipo tu. Wewe, Ashiru, hukuwahi kufungamana na chochote.”