Mbuzi wa Bibi kwenye Nembo

Bweni letu jipya pale chuo kikuu lilikuwa linatafuta nembo, na mimi nikachora nyumba ya bibi yangu. Wenzangu walichora mwenge, kitabu kilichofunguliwa, na zile nguzo ndefu za maktaba. Mimi nilitaka kitu cha kijijini kwetu Tumati kikae juu ya mlango wa bweni, nikipita asubuhi nisijione mgeni. Nikachora tembe la bibi lililochimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake la udongo likiwa usawa mmoja na malisho ya mlimani, na juu ya paa mbuzi mmoja.

Wanakamati wa kuchagua nembo walicheka hadi wakashika mbavu.

"Mbuzi amepandaje huko, dada? Kwa ngazi?" aliuliza mwenyekiti. "Kwenu Manyara si ndiko kwenye mashamba ya ngano ya serikali? Chora suke la ngano tumalize."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sifichi. Nikawaambia ngano ni ya serikali, mbuzi ni wa bibi. Wakanipa nafasi: likizo ikiisha nilete picha ya kuthibitisha, la sivyo suke la ngano lipite.

Nikapata lifti kwenye lori lililokuwa linarudi mashambani Hanang, nikaunganisha na basi hadi Mbulu mjini. Nikatuma salamu nyumbani kwamba nakuja na mpiga picha wa sokoni kupiga picha nyumba. Tulipofika, bibi alikuwa amejiandaa kweli kweli. Paa limefagiliwa, na mbuzi haonekani.

"Shikamoo, bibi. Mbuzi yuko wapi?"

"Marahaba. Nimemfunga nyuma ya zizi. Mgeni atoke mjini aje aone mbuzi juu ya nyumba yangu? Si atasema hapa hapana watu!"

Mpiga picha naye akamuunga mkono. Akamkalisha bibi kwenye kiti mbele ya mlango, mikono magotini, uso mkavu. Nikaona nembo yangu inapotea hivi hivi. Nikazunguka nyuma ya zizi nikafungua kamba.

Mbuzi alipita upande wa mlimani kama alivyozoea, akasimama katikati ya paa. Bibi aliruka kutoka kitini.

"Shii! Shuka!"

Picha ikapigwa hapo hapo, mkono wake ukiwa hewani.

Chuoni, wanakamati waliipokezana picha ile mkono kwa mkono. Nembo ikapita na mbuzi wake, ikachorwa juu ya mlango na kushonwa kifuani kwenye masweta yetu.

Niliporudi Tumati nimevaa sweta lile, tembe lilikuwa limeshabomolewa, na mjomba amemjengea bibi nyumba ya bati. Nyumba nzuri, lakini mimi roho iliniuma. Niliogopa hata kumwonyesha bibi ile nembo. Yeye mwenyewe akaniita mlangoni penye mwanga, akaivuta karibu na macho yake, akapitisha kidole juu ya paa hadi kwa mbuzi.

"Ni kwangu," akasema.

Kisha akaanza kucheka, akainua mkono mbele ya kifua changu.

"Shii! Shuka!"