Bi Kaltuma na Lori la Soda

Mara ya kwanza kushughulika na Bi Kaltuma wa Mambrui, nilitaka kumpunja nauli. Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. Mimi nikiwauzia wajenzi wa Malindi chokaa na mawe ya matumbawe, yeye akiyabeba kwa mkokoteni wa punda, mjane aliyejifunga kanga kiunoni. Mawe yalipokwisha kushushwa nikamwambia njia ilikuwa fupi, apunguze. Hakubishana. Alianza kuyapakia tena, moja moja, mafundi wangu wamekaa bure wakimtazama.

"Bi Kaltuma, wafanyani?"

"Nayarudisha machimboni. Kama njia ni fupi, nenda kayabebe kichwani."

"Na wewe utapata nini?"

"Nitapata kukuona ukiyabeba, Saad."

Nililipa. Tangu siku ile sikumpa mtu mwingine kazi yangu.

Mwaka uliofuata, lori la soda lilimgonga kwa nyuma kwenye mteremko wa daraja la Sabaki. Dereva wa lori, Kioko, alikuwa akilipita basi. Punda alikufa palepale, mkokoteni ukawa kuni, Bi Kaltuma akavunjika paja. Alipotoka hospitali mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Kioko alikiri kortini kwamba aliendesha ovyo, akatozwa faini. Bi Kaltuma alikwenda kusikiliza, na mkongojo wake.

"Mwenye lori mbona simwoni?" akaniuliza tulipotoka.

Mwenye lori alikuwa Abdulghani, tajiri wa soda mjini, aliyekuwa akijenga ghorofa kwa chokaa yangu. Alinituma kwa Bi Kaltuma: atampa punda mwingine na mkokoteni wa magurudumu ya gari, atalipa hospitali, naye atie kidole kwenye karatasi kwamba hana dai tena. Ilikuwa bei nzuri, na nilimwambia hivyo.

"Punda nitanunua mwenyewe," akasema. "Mimi nataka Abdulghani asimame kizimbani aulizwe maswali, watu wamtazame."

Nikampeleka kwa wakili Gerishom, mtu wa bara, ofisi yake juu ya duka la vitambaa.

"Mama, ukitia kidole, yamekwisha," Gerishom alimwambia tulipomrudia mara ya pili. "Ukikataa, una miaka mitatu ya kufungua kesi. Dereva peke yake hana kitu. Mwenye gari ndiye hulipa kosa la mtu aliyemtuma kazini. Lakini nimemwandikia, naye amejibu kwamba hakumtuma. Ati Kioko alichukua lori bila ruhusa, akaenda kwa mambo yake. Tusipolivunja neno hilo, atatoka bila kuguswa."

Kioko alikuwa ameshafukuzwa kwa jina la mwizi, amerudi kwao Ukambani, hapatikani. Nami nilijua kwa nini alikanwa: bima ya lori ilikuwa imekwisha muda, na Abdulghani akishindwa angelipa kwa mfuko wake.

Bi Kaltuma akanigeukia. "Ramadhani iko karibu, sivyo?"

Huku kwetu, siku za vunja jungu watu huombana radhi kabla ya kufunga. Haki ya mtu haifutiki mpaka mwenyewe asamehe, na anayeomba hutaja alichokosa. Abdulghani alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini. Nikampelekea habari kwamba Bi Kaltuma yuko tayari kumsikiliza. Akaja Mambrui na kanzu mpya, na imamu, na wazee wawili, na sinia la halua, nami nikiwapo.

"Bi Kaltuma, dada yangu, nimekuja kwa mguu wangu. Niwie radhi."

"Wewe una mguu wa kujia. Nikuwie radhi kwa lipi? Aliyenigonga ni Kioko, nasikia mwizi."

Abdulghani akamtazama imamu. Imamu akatazama mkeka.

"Taja, bwana," imamu akasema. "Usipotaja, unaombea nini?"

"Lori ni langu," Abdulghani akasema polepole. "Kioko nilimtuma mimi. Harusi ya Gongoni ilikuwa ikingoja soda, nikamwambia akimbie."

"Mmesikia?" Bi Kaltuma akawauliza wazee. Kisha akalisukuma sinia. "Halua rudi nayo. Jibu langu utalipata mbele ya hakimu."

"Mwanamke huyu ni shetani!"

"Shetani hufungwa Ramadhani. Mimi nitakuwa nje."

Kesi ilizunguka kama zinavyozunguka kesi, lakini siku ilifika. Imamu aliitwa akasema aliyoyasikia. Nami nikaitwa, nikasema vivyo hivyo. Nilijua naitupa biashara ya ghorofa ile, ila imamu akishasema, mimi nikisema vingine ningemuuzia nani tena Malindi? Halafu Abdulghani akapanda kizimbani. Gerishom alimuuliza swali moja tu, akalirudia: imamu amesema uongo? Jasho lilimtoka mpaka kanzu ikashika mgongo. Bi Kaltuma alikaa benchi la mbele, hakupepesa jicho.

Alishinda. Abdulghani alichelewesha malipo, lori likakamatwa, likapigwa mnada. Nililinunua mimi, tena rahisi, kwa sababu matajiri wenzake waliona haya kulitolea bei mbele yake.

Wakili alipochukua chake, Bi Kaltuma alibaki na cha kununua punda mdogo kuliko yule aliyemkataa. Na lori langu likawa linabeba kwa safari moja mawe aliyoyabeba yeye kwa siku nyingi. Punda wake akaishia kubeba maji. Ghorofa ya Abdulghani ilikwama kabla ya kuezekwa, na chokaa hakununua kwangu tena.

Siku fundi aliposhika brashi kufuta jina la Abdulghani ubavuni mwa lori, Bi Kaltuma akaingia uani akichechemea. Nilidhani amekuja kunigombeza.

"Usilifute," akasema.

"Bi Kaltuma, hili lori linakula kazi yako."

"Najua. Lijaze mawe na vumbi, ulipitishe mlangoni pake kila asubuhi, na jina lake liko palepale."

Nikamwambia fundi aende zake; rangi nayo si bure. Asubuhi ile ile Bi Kaltuma akapanda mbele, kando yangu. Tulipofika mlangoni pa Abdulghani akaniambia nipige honi.